Mifereji ya Sindano za Kichina: Je, Imo Mwilini?

Siku utakapochinja mbuzi, usiharakishe kukata nyama. Mchune taratibu, halafu angalia. Utaona mishipa ya damu. Nyuma ya paja, ukitenganisha nyama na nyama, utaona kamba nyeupe. Huo ni mshipa wa fahamu. Kazi yake ni kupeleka habari kati ya mguu na ubongo. Utaona kano zinazofunga nyama kwenye mfupa. Tena utaona utando mweupe, mwembamba, unaoteleza. Utando huo umo kati ya ngozi na nyama, na kati ya nyama na nyama. Kisu kikipita humo, ngozi inatoka bila shida.

Vitu hivyo kila mchinjaji anavijua. Lakini waganga wa China wamesema kwa miaka zaidi ya 2,000 kwamba mwilini iko mifereji mingine. Wanasema katika mifereji hiyo hupita nguvu ya uhai. Juu ya elimu hiyo wamejenga tiba ya sindano. Je, mifereji hiyo imo kweli? Mtu akimpasua mnyama na kutafuta kwa makini, ataiona? Wataalamu wengi wametafuta. Wamepasua sungura, wamepasua panya, wametazama kwa hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo sana. Leo tutaeleza walichokiona.

SINDANO ISIYO NA DAWA

Kwanza tuijue tiba yenyewe. Wengi huiita akupancha. Mganga hutumia sindano ya chuma, nyembamba kuliko sindano ya kushonea nguo. Usiichanganye na sindano ya zahanati. Sindano ya zahanati ina tundu ndani, na dawa hupita humo. Hii haina tundu wala dawa. Mganga huchagua mahali, huchoma, mara nyingine huizungusha kidogo kwa vidole, kisha huiacha kwa muda wa nusu saa hivi. Mara nyingi watu huiendea kwa ajili ya maumivu: mgongo, goti, kichwa, shingo.

Tiba hii si ngeni kabisa kwetu. Madaktari wa kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Makundi mengine yamekuja baada yao, na katika makundi hayo wamekuwamo waganga wa sindano.

Elimu ya Kichina husema hivi. Nguvu ya uhai huitwa chi. Chi hupita katika mifereji mikuu 12. Kila mfereji una jina la kiungo cha ndani, kama moyo, ini, figo, mapafu, tumbo au kifuko cha nyongo. Iko pia miwili inayopita katikati ya mwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Juu ya mifereji hiyo 14 zimehesabiwa sehemu 361 za kuchoma. Mfereji ukizibwa, mtu huugua. Sindano huuzibua. Kwa mkulima wa bustani jambo hili ni rahisi kulielewa. Takataka zikiziba mfereji, mboga za chini hunyauka. Ukizitoa, maji hupita.

Ni mfano mzuri. Lakini mfereji wa bustani unaweza kuuona kwa macho na kuingiza mguu ndani yake. Mifereji ya chi, je?

DAKTARI NA MCHINJAJI

Watu wa China wenyewe walianza kutafuta zamani. Katika mwaka wa 16 baada ya Kristo, nchi ilikuwa chini ya mtawala aliyeitwa Wang Mang. Mtu mmoja, Wangsun Qing, alikuwa upande wa adui zake, akakamatwa. Wang Mang akaamuru mwili wake upasuliwe. Waliopewa kazi hiyo walikuwa daktari wa ikulu pamoja na mchinjaji hodari. Walipima viungo vya ndani. Kisha walichukua vijiti vyembamba vya mianzi, wakaviingiza katika mishipa ili waone inaanzia wapi na inaishia wapi. Walisema elimu hiyo itasaidia kuponya wagonjwa.

Ni kazi ya kutisha, lakini inatufundisha kitu. Kijiti huingia katika kitu chenye nafasi ndani. Basi bila shaka mishipa ile ilikuwa mishipa ya damu. Na katika Kichina cha kale neno moja, mai, lilitumika kwa mshipa wa damu na kwa mfereji wa chi. Inaelekea mwanzoni watu hawakutofautisha vitu hivi viwili.

Liko jambo jingine. Mwaka 1973 lilifukuliwa kaburi la kale huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake yalikuwamo maandishi ya uganga juu ya kitambaa cha hariri. Yanataja mifereji 11, siyo 12. Tena yanaeleza kuchoma dawa ya majani juu ya ngozi, wala hayataji sindano. Kwa hiyo hesabu ya mifereji ilikuwa bado inabadilika. Mishipa mikubwa ya damu haiongezeki kwa sababu kitabu kipya kimeandikwa. Ukimpasua mbuzi leo au miaka 2,000 iliyopita, unakuta ile ile.

KIM BONG-HAN NA SUNGURA

Mtu aliyesema waziwazi kwamba ameiona mifereji alikuwa Kim Bong-han, wa Korea Kaskazini. Alifanya kazi katika mji wa Pyongyang. Kati ya mwaka 1961 na 1965 alitoa taarifa kadhaa. Alisema ndani ya sungura na wanyama wengine ameona mirija midogo sana, na mahali pa kuchoma sindano ameona vinundu vidogo. Alisema mirija mingine imo ndani ya mishipa ya damu, na mingine imelala juu ya viungo vya ndani. Serikali ilimpa chuo cha utafiti. Taarifa zake zilitafsiriwa katika lugha za kigeni. Elimu ya mababu ilionekana kupata uthibitisho wa sayansi.

Wataalamu wa nchi nyingine nao wakachukua sungura, wakapasua, wakatafuta. Wengi wao hawakuona kitu. Shida moja ilikuwa hii: ili kuona kitu chembamba namna hiyo lazima ukitie rangi, na Kim Bong-han hakueleza vizuri rangi aliyotumia. Tuseme jirani yako anatangaza kwamba amevuna magunia 30 kwa eka, lakini hasemi amepanda mbegu gani wala mbolea gani. Unaweza kumsifu. Lakini huwezi kupanda alivyopanda yeye, wala huwezi kujua kama anasema kweli. Katika sayansi ni vivyo hivyo. Aliyeona kitu hana budi kuwaonyesha wenzake njia, ili nao wakione. Wasipokiona, basi jambo halijathibitika, hata kama aliyelisema ni mtu mkubwa.

Ilipofika karibu mwaka 1966, chuo chake kilifungwa. Jina lake likatoweka katika taarifa za nchi hiyo, na tangu hapo hakusikika tena.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 2002, profesa mmoja wa fizikia huko Korea Kusini, Soh Kwang-Sup wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, alianza upya na wenzake. Walitumia sungura na panya. Walijaribu rangi mbalimbali, pamoja na rangi ya buluu. Hatimaye waliona nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyingine zilikuwa zimelala juu ya ini na utumbo, nyingine zinaelea ndani ya mishipa ya damu. Safari hii walieleza njia yao, na wengine wameziona nyuzi za namna hiyo. Mwaka 2010 walizipa jina jipya, mfumo wa primo.

Je, ndiyo mifereji imepatikana? Wataalamu wengi hawajakubali. Wanayo sababu, na wewe uliyewahi kuchinja utaielewa. Damu ikimwagika haikawii kuganda, na inapoganda hutengeneza nyuzi. Ukifungua tumbo la mnyama, damu na majimaji hutoka kidogo, na nyuzi za kuganda zinaweza kujitokeza hapo hapo. Ni vigumu kuzitofautisha na kitu kilichokuwamo tangu mwanzo. Tena, hata tukikubali kwamba nyuzi hizo zilikuwamo, uzi unaolala juu ya ini haufuati mstari unaochorwa juu ya ngozi ya mguu. Kwa hiyo hata sasa vitabu vya kufundishia madaktari maumbile ya mwili havina mifereji hiyo.

Wafaransa nao walijaribu njia nyingine. Mwaka 1985 walitia chini ya ngozi ya watu, mahali pa kuchoma sindano, dawa inayotoa mionzi kidogo. Wakaifuata kwa kamera maalumu, wakaona mistari inapanda. Watu wakashangilia. Wengine waliporudia kazi hiyo waligundua kwamba dawa ilikuwa inapita katika mishipa ya kawaida ya damu, ile inayorudisha damu kwenye moyo.

PUNDA HANA NYONGO

Hapa tuulize swali la mfugaji. Mmoja wa mifereji 12 ni mfereji wa kifuko cha nyongo. Kwa mtu, huanzia pembeni mwa jicho, huzunguka kichwani, hushuka ubavuni na upande wa nje wa mguu, na kuishia kwenye kidole cha nne. Sasa mtazame punda. Punda hana kifuko cha nyongo. Ini lake linatengeneza nyongo, lakini hakuna kifuko cha kuiweka. Farasi naye hana. Hata panya mkubwa anayetumika maabara hana. Na punda ana kwato moja tu kila mguu. Kidole cha nne kiko wapi?

Hata hivyo iko michoro ya farasi yenye mfereji wa nyongo, na panya huchomwa sindano katika mfereji huo. Michoro mingi ya namna hiyo ilichorwa katika karne ya 20 kwa kuiga michoro ya mtu. Waganga wa farasi wa China ya zamani walikuwa na sehemu zao za kuchoma, nao walizijua kwa kazi. Mistari kama ya mtu ililetwa baadaye. Kwa maoni yetu, swali hili la punda lina uzito kuliko hadubini nyingi.

KILICHOONEKANA

Usidhani kazi yote ilipotea bure. Waliotafuta mifereji hawakuipata, lakini walikuta mambo mengine, na hayo yanaweza kuonyeshwa kwa yeyote.

Jambo la kwanza ni ule utando mweupe wa mbuzi. Daktari mmoja mwanamke huko Marekani, Helene Langevin, alichoma sindano katika nyama ya tumbo la panya, akaizungusha. Alipotazama kwa hadubini aliona utando umejiviringa kwenye sindano, kama uzi unavyojiviringa kwenye kijiti. Ndiyo maana mkono wa mganga huhisi kwamba sindano imeshikwa. Utando ukivutwa hivyo, chembe hai zilizomo ndani yake nazo hunyooka na kubadilika umbo. Mwaka 2002 yeye na mwenzake walilinganisha sehemu za kuchoma za mkono wa mtu na utando uliomo ndani. Katika kila sehemu 10, sehemu 8 zilikuwa juu ya utando unaotenganisha nyama na nyama. Huenda basi waganga wa kale, kwa kupapasa kwa vidole, walikuwa wanafuata mabonde yaliyo kati ya nyama. Lakini tukumbuke kwamba utando umeenea mwili mzima. Ukichoma popote, utaukuta.

Jambo la pili lilionekana katika sungura. Katika mji wa Beijing, mtaalamu Han Jisheng alianza uchunguzi wake mwaka 1965. Aliwachoma sungura sindano, nao wakawa wanavumilia maumivu zaidi. Kisha akachukua maji yanayozunguka ubongo wa sungura aliyechomwa, akayatia katika ubongo wa sungura ambaye hakuchomwa. Huyo wa pili naye akavumilia maumivu zaidi! Basi ilikuwamo dawa fulani katika maji yale, dawa iliyotengenezwa na mwili wenyewe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1974. Miaka miwili baadaye huko Toronto, Kanada, Bruce Pomeranz aliwapa panya naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni. Sindano zikashindwa kutuliza maumivu. Hivyo ilijulikana kwamba mwili unapochomwa hutoa vitu vinavyofanana na afyuni, navyo hutuliza maumivu.

Hapa mtu asiseme, "Ni imani tu." Sungura haamini wala hakatai. Hajui daktari ametoka wapi.

Jambo la tatu ni mishipa ya fahamu. Iko sehemu maarufu ya kuchoma, chini kidogo ya goti, upande wa nje wa mfupa wa mguu. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani waliwachoma panya hapo. Waliona kitu kiitwacho adenosini kinaongezeka karibu na sindano na kutuliza mshipa wa fahamu uliopo hapo. Mwaka 2021 kundi la Ma Qiufu na Liu Shenbin lilieleza jambo zuri zaidi. Walitia sindano zenye umeme mdogo katika mguu wa nyuma wa panya. Uvimbe uliosababishwa na sumu ya bakteria ukapungua. Walipotia umeme huo huo mdogo tumboni, haukupungua. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya mguu, karibu na mfupa, imo aina fulani ya mishipa ya fahamu ambayo tumboni haimo. Walipoiondoa mishipa hiyo, sindano ya mguuni nayo ikakosa nguvu.

Kwa hiyo kumbe mahali pa kuchoma panaweza kuwa na maana. Lakini maana hiyo inatokana na mishipa ya fahamu, ile kamba nyeupe uliyoiona nyuma ya paja la mbuzi na matawi yake madogo. Haikuhitajika mifereji mingine kuieleza.

Na kwa watu je? Huko Ujerumani walichaguliwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Wengine walichomwa mahali panapotakiwa na elimu ya Kichina. Wengine walichomwa juu juu, mahali pasipotakiwa. Wengine walipewa matibabu ya kawaida, kama dawa na mazoezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, 47 hivi walikuwa wamepata nafuu. Katika kundi la pili, 44. Katika kundi la tatu, 27. Sindano zilisaidia kuliko matibabu ya kawaida. Lakini kuchoma juu ya mfereji au nje ya mfereji hakukuleta tofauti kubwa.

UKIENDA KUCHOMWA

Jambo hili linakuhusu hata kama hutapasua panya maisha yako yote. Mganga akikuambia kwamba mgongo wako unaweza kupata nafuu kwa sindano, anasema jambo linalowezekana. Akikuambia kwamba mfereji wa ini lako umezibwa, na kwamba akiuzibua utapona malaria, usimfuate. Sindano haiui vijidudu vya malaria wala vya kifua kikuu. Mtoto mwenye homa kali apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, apimwe damu, apewe dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu asiache vidonge vyake hata siku moja kwa sababu amechomwa sindano na maumivu yamepungua. Maumivu yanaweza kutulia huku ugonjwa unaendelea kula mwili.

Itazame sindano kabla hujachomwa. Iwe mpya, imetoka katika pakiti iliyofungwa, na pakiti ifunguliwe mbele yako. Sindano iliyomchoma mtu mwingine inaweza kukuletea UKIMWI au homa ya ini. Kufutwa kwa spiriti hakutoshi. Mganga anawe mikono, na asafishe ngozi yako. Ikiwa una mimba, au damu yako haigandi upesi, au unatumia dawa za kuzuia damu isigande, mwambie kabla hajaanza. Ni kosa kunyamaza kwa kuona haya.

Sindano ya kifuani, begani na mgongoni juu inataka mkono wenye ujuzi, kwa sababu mapafu hayako mbali na ngozi. Ikiingia ndani mno inaweza kutoboa pafu. Ukichomwa sehemu hizo, halafu siku hiyo au kesho yake ukaona pumzi inakubana na kifua kinachoma upande mmoja, usingoje ipite yenyewe. Nenda hospitali upesi, na umwonyeshe daktari mahali ulipochomwa.